Gilisalini na Maji ya Majivu

Shuleni waliniita Barabara ya Tunduma. Aliyewahi kupanda lori kutoka Sumbawanga kwenda Tunduma miaka ile ya Ujamaa hahitaji maelezo: matuta, mashimo, na vumbi jekundu juu yake. Ndivyo ulivyokuwa uso wangu nilipofika kidato cha pili. Chunusi zilianza kwenye paji la uso kwa adabu, moja moja, kisha zikashuka mashavuni bila adabu yoyote, zikaiva, zikapasuka, zikaacha makovu. Nami nina hasira za karibu tangu utotoni. Mwingine angecheka na wenzake yakaisha. Mimi nilinuna muhula mzima, na kila asubuhi ya baridi nilivuta shingo ya sweta mpaka puani.

Likizo ya Juni ilipofika nilirudi kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mjini, ukipita Milanzi. Mama alikuwa uani anapepeta ulezi. Kabla hata sijatua sanduku nilimwambia kwamba sirudi shule. Hakuniuliza sababu. Alinitazama usoni kitambo, akaendelea kupepeta, nami nikajua kwamba ameelewa na kwamba imemuuma.

Mama hakujua kusoma. Alipotakiwa kusaini alitia dole gumba. Nilikuwa msichana wa kwanza wa kijiji chetu kuchaguliwa kwenda sekondari, na siku majina yaliposomwa alicheza mbele ya watu, yeye ambaye hata harusini alikaa nyuma karibu na masufuria. Baba alifurahi pia, ila furaha yake ilikuwa ya kuazima. Niliposema sirudi, alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba chunusi ni damu ya ujana, zitakwisha nikiolewa na kuzaa, na kwamba kuna familia moja imekwisha kuniulizia. Kuanzia jioni ile uso wangu haukuwa tena jambo la kioo. Kama usingeonyesha dalili ya kupona kabla ya shule kufunguliwa, ningebaki kijijini na kuolewa. Mama aliliona hilo upesi kuliko mimi.

Kesho yake alinipeleka hospitali ya misheni. Palikuwa na sista mmoja mzee kutoka Ulaya, aliyezungumza Kifipa kwa raha kuliko Kiswahili, na Kiswahili kuliko wengi wetu. Alinishika kidevu, akanigeuza dirishani, akaingia chumbani kwake na kutoka na tyubu ndogo aliyotumiwa na ndugu zake. Alisema ni dawa ngeni bado, ya ukoo wa vitamini A, inayoihimiza ngozi kutupa ya zamani na kuota mpya. Siku hizi dawa za ukoo ule zinaitwa retinoidi, na mabinti wa mjini wanazijua kuliko wanavyowajua shangazi zao. Wakati ule nadhani Ufipa nzima ilikuwa na tyubu hiyo moja.

Alituelekeza taratibu. Nipake usiku tu, uso ukiwa mkavu, kiasi cha punje moja ya harage kwa uso mzima. Itawasha. Ngozi itabambuka. Chunusi huenda zikazidi kwanza ndipo zipungue, nisikate tamaa. Nisikae juani. Kisha alimgeukia mama, si mimi.

"Dawa hii inakausha, mama. Bila mafuta ataiacha kabla haijamsaidia. Mafuta ni nusu ya dawa."

Mama alijibu kwamba mafuta yapo. Hayakuwepo.

Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni, sukari, mafuta, vyote vilikuja duka la kijiji siku vikipenda, na vikija viligawiwa kwa kaya, kidogo kidogo, huku kila mtu akichungulia kipimo cha mwenzake. Nyumbani tulikuwa na chupa moja ya mafuta ya kupikia, nayo ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Ndiyo hiyo hiyo iliyokaanga mboga, ikapaka wadogo zangu wawili miguu siku ya kwenda kanisani, na tone la mwisho la kila Jumapili lilikuwa la mama.

Kosa la kwanza lilikuwa la kwetu kabisa. Sisi tulilelewa kwamba kitu cha kupaka usoni hupakwa mpaka uso ung'ae. Punje ya harage ilinichekesha. Nilijipaka dawa ya sista kama ninavyopaka mafuta, mashavu yote, pua, mpaka shingoni, kisha kwa kuwa baridi ya Juni ilikuwa kali nikasogea kwenye moto jikoni pamoja na wengine nikauelekeza uso pale pale kwenye makaa. Siku chache tu zilitosha. Ngozi ilivuta, ikawaka, ikaanza kutoka magamba meupe kuzunguka mdomo na pembeni mwa pua. Nikicheka, inapasuka. Nikinawa, nalia. Na chunusi zenyewe zilikuwa pale pale, sasa zikiwa na magamba.

Nilimwambia mama kwamba ameniharibu. Nilisema hivyo kwa sauti, wadogo zangu wakisikia. Yeye alichukua ile chupa ya mafuta ya kupikia, akamimina kidogo kiganjani, akanipaka polepole kwa ncha za vidole. Nakumbuka jinsi vidole vyake vilivyokuwa siku ile, vigumu kwa jembe lakini vizima.

Sijui kama kijana wa leo anaelewa maana ya kupauka kwa watu wa wakati ule. Kwetu mtu aliyepauka ni mtu asiye na mtu. Mtoto akitoka nje na miguu myeupe, anayesemwa si mtoto, ni mama yake. Sasa mimi, msomi wa kijiji, nilikuwa nimepauka usoni, mahali pa wazi kuliko pote. Mama aliona afadhali sufuria likose mafuta kuliko uso wangu. Tulianza kula maharage ya chumvi tupu na mboga ya kuchemsha. Wadogo zangu walilalamika, na chupa ikahamia kwenye rafu ya chumbani kwangu.

Haikudumu. Ilipobaki na matone machache tu, mama alipata mawese kwa akina mama waliopanda na samaki wakavu kutoka Wampembe, kando ya ziwa, nami nikajipaka kwa pupa. Asubuhi nilikuwa na uso wa rangi ya machungwa na kola ya gauni haikufaa tena. Wadogo zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Hata mama alicheka, akajificha nyuma ya ungo, na hiyo ndiyo mara pekee ninayokumbuka tulicheka likizo ile.

Ukaja msimu wa kuvuna ulezi wa shamba la kijiji. Kila mtu mzima alipewa ngwe yake, na vijana wa likizo hawakusamehewa. Nilikwenda siku ya kwanza. Jua la Ufipa miezi ile ni laghai: upepo unakupuliza mpaka unajikunyata, huhisi kwamba unaungua. Nilirudi jioni uso umevimba, umeiva, magamba yamekuwa malengelenge. Nilijifungia ndani nikasema mara ya pili kwamba sirudi shule, na safari hii niliongeza kwamba hao waliokuja kuniulizia waje tu.

Mama alirudi hospitali peke yake. Sista alisema niache dawa mpaka ngozi itulie, kisha nianze upya, usiku mmoja nipake, usiku wa pili nipumzike, na nisilione jua kabisa. Ndipo mama akachukua ngwe yangu. Alivuna ya kwake, akaingia ya kwangu, akipinda mgongo tangu umande mpaka watu wanaondoka. Katibu wa kijiji alipouliza niko wapi, alisema mwanangu anaumwa. Wanawake wenzake walisema ni ugonjwa wa kioo, na kwamba kuna mabinti wanawekwa ndani kama bibi harusi ilhali hawajaposwa. Nilipata habari hizo kwa wadogo zangu. Nilikuwa nimekaa kivulini nimefunika uso kwa kitambaa chenye maji. Nilikasirika kwa ajili ya mama, lakini sikuondoka kivulini.

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani bila mafuta. Alishusha khanga mpaka chini, akatembea hatua fupi. Nyuma yake, upepo ulipoinua pindo, niliona visigino vyake vimepasuka na miguu imepauka kama majivu. Nilitamani kusema neno. Badala yake nilikaa misa nzima na uso uliopakwa mafuta ya mwisho ya nyumba yetu.

Siku chache baadaye mama alirudi kutoka mjini na kichupa cha gilisalini. Alisema amepewa na mama mmoja wa Kiislamu ambaye mume wake ana lori, watu wa biashara, na kwamba wake wa pwani wote hupaka kitu hicho ndiyo maana wana nyuso laini. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, tamu ukiilamba, nayo ilinata. Nilijipaka ikiwa tupu juu ya uso mkavu, usiku huo huo nilipopaka dawa ya sista, katikati ya upepo wa Julai. Ilichoma kama pilipili. Kulipokucha ngozi ilikuwa kavu kuliko jana, nami nikambwatukia tena. Nilimwambia amedanganywa na watu wa mjini kwa sababu ni mshamba.

Nimeyakumbuka maneno hayo miaka yote. Mengine niliyomwambia yamefutika, hayo yamebaki.

Mama alifunika kichupa. Alisema tu kwamba tutakwenda pamoja kwa huyo mama, nimweleze mwenyewe.

Nyumba ilikuwa nyuma ya maduka, ua mpana wa saruji, na lori limefunguliwa boneti. Mama mwenye nyumba alikuwa mnene, mchangamfu, na ushungi umeteleza mabegani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniketisha kibarazani akauchunguza uso wangu kama anayechagua nyanya. Alipojua nimeipaka tupu alishika kichwa.

"Gilisalini ina kiu, mwanangu. Usipoinywesha maji itayanywa ya kwenye ngozi yako."

Akanionyesha. Kwanza uso uoshwe, uachwe na unyevu, usifutwe ukakauka. Gilisalini ichanganywe na maji, maji yazidi, matone machache tu ya gilisalini, ipakwe hapo hapo juu ya unyevu. Mwisho mafuta ya mgando, kidogo sana, kufunika, ili maji yasitoke. Na zile siku za dawa, ile dawa ipakwe uso ukiwa umekauka vizuri, isubiriwe kidogo, ndipo haya yafuate. Alichovya kidole kwenye kopo lake mwenyewe akanipaka. Kwa mara ya kwanza tangu Juni niliweza kufungua mdomo bila kuumia.

Nikageuka kumwambia mama. Hakuwa karibu nami. Alikuwa ameshafika mwisho wa ua, hakuna aliyemwagiza, amekunja khanga magotini, ameinamia karai la nguo. Kulikuwa na rundo la mashuka, kanzu, nguo za watoto, ovaroli za watu wa lori zenye grisi. Alijua kuni ziko wapi na kamba ya kuanikia iko wapi. Hapo ndipo nilipofahamu kichupa kile kilipatikanaje. Mama yangu, mwenye shamba lake na nyumba yake, alikuwa amekubali kuwa dobi wa watu.

Sabuni haikuwepo hata kwa wenye lori. Alifulia maji ya majivu, yale yanayochujwa kwenye majivu ya kuni, makali, yanayotoa uchafu na kuondoka na ngozi. Niliinuka nikamwendea. Nilichuchumaa na kutia mkono kwenye karai ili nisuuze kanzu. Mama alinishika kifundo cha mkono akautoa, na mama mwenye nyumba akapaza sauti kutoka barazani kwamba niondoke hapo, maji ya majivu yatanirukia usoni na kazi yote iwe bure. Wote wawili walikuwa na haki. Nilirudi kukaa.

Nilikaa kivulini uso wangu ukiwa laini, nikamtazama mama akifua. Kila alipokamua shuka, alisita kidogo, akavuta pumzi, kisha akakamua. Viganja vyake vilikuwa vimechanika kwenye mikunjo, na maji yalipoingia humo alifumba jicho moja. Nilikuwa na kichupa cha gilisalini mapajani. Nilijiambia kwamba njiani nitampaka. Njiani nilimwambia, akakataa, akasema nikimaliza kichupa kabla ya shule itabidi aje kufua tena, sasa faida ni nini. Nilikifunga kichupa tena. Nadhani nilipumua pia, kwa kuwa kichupa kilibaki kizima, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Shule ilipofunguliwa uso ulikuwa bado na chunusi, ila haukuwa na magamba, na palipokuwa na malengelenge palikuwa na ngozi mpya. Baba alinitazama, akasema familia ile ataijibu. Mama alibeba sanduku langu kichwani mpaka mjini, akitembea kwa pembe za nyayo kwa sababu ya visigino, nami nilitembea nyuma yake nimejifunika kitambaa dhidi ya jua, nikiwa nimebeba kichupa na kopo dogo la mafuta ya mgando ambalo sikuuliza lilipatikana kwa kufua nguo ngapi.

Bwenini nilikuwa mwangalifu kama mganga. Punje ya harage, usiku mmoja kupaka, mmoja kupumzika. Maji, gilisalini, mafuta. Kufikia Oktoba chunusi zilikuwa zimeondoka, yakabaki madoa. Wasichana waliniuliza ninapaka nini, wakanijia na mabakuli yao nikawafundisha, nikijisikia daktari. Nilieleza habari za kiu ya gilisalini na kufunika kwa mafuta. Habari za karai sikuzieleza.

Jumapili moja ya mwezi huo mama alikuja kunitembelea. Mvua zilikuwa bado, vumbi ndilo lililokuwa limekaba kila kitu, na watu walikuwa wanalima matuta. Rafiki yangu mmoja, mtoto wa mkulima kama mimi, ndiye aliyemwona kwanza langoni akakimbia kumpokea. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo. Mama alikuwa amefunga visigino kwa matambara ndani ya kandambili, amebeba kifurushi cha unga wa ulezi, na mikono ameificha ndani ya khanga kana kwamba kuna baridi. Rafiki yangu alimwamkia, akamuuliza amemfuata nani. Mama akanitaja. Rafiki yangu akafurahi, akamuuliza kama yeye ndiye mama yangu.

"Hapana," mama akasema. "Mama yake amenituma."

Nilisema pale pale, kwa sauti iliyowafanya wengine wageuke, kwamba huyu ni mama yangu mzazi. Rafiki yangu alicheka kwa aibu, akapiga goti akamwamkia upya, akapokea kifurushi. Hakuona chochote cha ajabu. Mama yake mwenyewe alikuwa na visigino vile vile, na nusu ya mama waliofika siku ile walikuwa navyo. Mama ndiye aliyeinamisha macho, kama mtu niliyemfichua.

Tulikaa kwenye nyasi, na tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini alisema vile. Alisema uso wangu sasa umekuwa wa kutazamwa na watu, na yeye amepauka, akaona asinipunguzie heshima. Alilisema kwa urahisi kabisa, kama jambo tulilokubaliana zamani. Na kweli tulikuwa tumekubaliana. Mimi ndiye niliyemfundisha likizo ile yote, kwa kununa kwangu, kwamba kuna nyuso za kuonekana na kuna mikono ya kuficha. Sikumwambia hivyo. Nilisema asifanye tena, akaitikia haya.

Kisha akaniomba nivue kitambaa cha kichwani nigeukie kwenye mwanga. Nikageuka. Alinitazama muda mrefu, shavu hili, akanigeuza kwa ishara ya kidevu, shavu lile, na nikaona jinsi alivyofurahi, furaha ile ya siku majina yaliposomwa. Mkono ukamtoka ndani ya khanga wenyewe. Ulikuja mpaka karibu kabisa na shavu langu, kiganja kimechanika, kucha zimekatika, ukasimama. Akaugeuza anipapase kwa mgongo wa mkono. Mgongo nao ulikuwa umechanika.

"Nisikukwaruze," alisema, akaurudisha ndani ya khanga.